Mmoja, kisha miwili: taa za pwani ya Menorca

Swali: Shikamoo Kapteni. Mimi ni binti wa Tanga, nafanya kazi jikoni kwenye meli ya abiria inayotoka Barcelona kwenda Maó, kisiwa cha Menorca. Alfajiri, kabla sijaanza kukanda unga wa mikate, hutoka sitahani kupunga hewa. Naona taa upande wa kulia. Moja humulika mara moja, ikanyamaza, kisha mara mbili. Nyingine humulika mara mbili tu. Mabaharia wananiambia kisiwa kile kina minara ya taa saba, nacho ni kidogo kuliko Pemba. Kwa nini zote hizo? Kwa nini kila taa ina mtindo wake? Na kama meli ina GPS, zinawashwa kwa ajili ya nani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba swali limetoka jikoni. Wengi wanaopita pale usiku huwa wamelala, na wenye zamu huko juu macho yao yako kwenye skrini. Wewe umeangalia nje, na umeangalia vizuri.

Nianze na ile inayomulika mara moja, ikanyamaza, kisha mara mbili. Hiyo ni Favàritx, rasi ya kaskazini mashariki ya Menorca. Hukuhitaji ramani kuijua, imejitaja yenyewe. Kila sekunde 15 inarudia maneno yale yale, mmuliko mmoja, kisha miwili, na katika pwani yote ya kisiwa hakuna taa nyingine inayosema hivyo. Ile ya mara mbili ni Cavalleria, iliyo kwenye ncha ya kaskazini kabisa, nayo hurudia kila sekunde 10. Ungetoka mapema zaidi ungeikuta Punta Nati, kona ya kaskazini magharibi: mitatu, kisha mmoja, kila sekunde 20. Na mkikaribia lango la bandari ya Maó ipo Sant Carles: hiyo hukaa imewaka na kuzima mara mbili kila sekunde 6.

Hapo utaona jambo. Cavalleria humulika mara mbili, Sant Carles huzima mara mbili. Jicho lililochoka linaweza kuzichanganya, lakini muda unazitenganisha: sekunde 10 na sekunde 6. Ndiyo maana baharia hahesabu mimuliko peke yake, anahesabu na muda. Unaanza kuhesabu kwenye mmuliko wa kwanza wa kundi, unakwenda hadi mmuliko wa kwanza wa kundi linalofuata. Wengi hukosea kwa kuanza kuhesabu pale taa inaponyamaza, wakapata sekunde pungufu, wakaita taa jina lisilo lake.

Hilo nalijua kwa sababu nilifanya hivyo mwenyewe. Nilikuwa ofisa wa tatu, zamu ya usiku wa manane, tunatoka Italia na shehena ya saruji, upepo umelala na bahari imetulia kama mafuta. Taa ikaonekana, nikahesabu mara moja, nikataja jina la rasi. Nahodha wetu hakunikemea. Alizima taa ndogo ya meza ya ramani, akanipa saa yake ya mkononi, akasema, "Hesabu mara tatu, halafu uniambie." Mara ya kwanza nilipata sekunde 8, ya pili 10, ya tatu 10. Jina nililolitaja lilikuwa la taa nyingine kabisa. Tangu siku ile sijaamini taa yoyote niliyoihesabu mara moja, na kila kijana niliyekaa naye zamu nimemtaka ahesabu mara tatu.

Zile tatu ambazo njia yenu haizifikii ziko kusini na magharibi. Artrutx, kona ya kusini magharibi, hutoa mitatu kila sekunde 10. Taa ya bandari ya Ciutadella hutoa mmoja kila sekunde 6. Na Illa de l'Aire, kisiwa kidogo kilicho mbele ya pembe ya kusini mashariki, hutoa mmoja kila sekunde 5. Saba zimetimia.

Sasa kwa nini kila moja na mtindo wake. Fikiria ungekuwa baharini zamani, wakati taa nyingi za pwani zilikuwa mwanga uliotulia usiozima wala kuzunguka. Unauona mwanga mmoja kwenye giza. Ni mnara? Ni mtu anayechoma chokaa? Ni chombo cha wavuvi? Ni nyota inayochomoza? Na hata ukijua ni mnara, ni mnara upi? Nahodha aliyetupwa na upepo usiku kucha, hajaona jua siku mbili, anajua tu kwamba mbele yake pana nchi. Kumwambia kwamba pana nchi kumemsaidia kidogo. Anachotaka kujua ni nchi gani, rasi ipi, apinde kulia au kushoto. Taa isiyojitaja inaweza kumpeleka mwambani kwa ukarimu ule ule ambao ingemwokoa.

Kwa hiyo taa njema ni ile isiyofanana na jirani yake. Mwanga mkali huja baada ya hapo.

Kwa nini saba? Tazama kisiwa chenyewe. Menorca ina ukubwa wa kilomita za mraba 700 hivi, na kweli Pemba ni kubwa kuliko hiyo. Lakini kisiwa hiki kimekaa katikati ya njia za watu. Meli za kutoka Marseille kwenda Algiers, za kutoka Barcelona kwenda Sardinia, zote zinakipita karibu. Halafu kuna upepo. Wenyewe wanauita tramuntana, unashuka kutoka kaskazini, ukipenya kati ya milima ya kusini mwa Ufaransa, unaingia ghuba ya Lion, na baada ya hapo hakuna cha kuuzuia mpaka Menorca. Miti ya mizeituni mwitu kaskazini mwa kisiwa imelala kuelekea kusini, yote, kama iliyochanwa na kitana. Sisi wa Pwani tunaijua kusi na kaskazi, pepo zenye ahadi, zinakuja kwa msimu na manahodha wa majahazi walipanga safari kwa hizo. Tramuntana haina ahadi ya namna hiyo. Inaweza kuamka mchana mmoja na kukaa siku tatu, na chombo kilicho kaskazini mwa Menorca kinasukumwa moja kwa moja kwenye majabali.

Na kuna jambo jingine ambalo mtu wa Tanga atalielewa upesi. Bahari ya Mediterania haina kupwa na kujaa kama kwetu. Maji hupanda na kushuka kwa sentimita chache tu. Kwetu dau likipanda fungu, nahodha anashusha tanga, watu wanakaa, wanavuta subira maji yajae, bamvua likifika wanaelea wakaenda zao. Menorca hakuna maji ya kusubiri. Chombo kilichopanda mwamba kimepanda. Mawimbi ndiyo yatakayoamua.

Taa za kwanza zilizowashwa pale zilitokana na mpango wa mwaka 1847, ambao serikali ya Uhispania iliupitisha ili kuziangaza pwani zake zote. Cavalleria iliwashwa 1857, Artrutx 1859, Illa de l'Aire 1860, Ciutadella 1863. Michoro ya sehemu kubwa ya minara ya Balears, kundi la visiwa ambamo Menorca imo, katika miaka ile ilikuwa ya mhandisi mmoja, Emili Pou, na mtu aliyezoea kazi zake anaitambua mikono yake kwenye minara ya Mallorca na Formentera pia: nyumba ya walinzi ya chini, mraba, iliyotulia, na mnara ukiinuka katikati kama mshumaa. Maó nayo ilikuwa na taa ya lango lake, kwa sababu ile ni bandari ya asili ndefu na yenye kina, na Waingereza walikishikilia kisiwa kwa miaka mingi ya karne ya 18 kwa ajili ya bandari hiyo hasa.

Ukizitazama kwenye ramani utaona zimewekwa kama mtu anayeweka walinzi milangoni. Kaskazini katikati, mmoja. Kusini magharibi, mmoja. Kusini mashariki, mmoja. Bandari mbili, kila moja na wake. Lakini kona ya kaskazini magharibi ilibaki giza, na pwani ya kutoka Cavalleria kushuka mashariki mpaka Maó nayo giza. Kona ile ya kaskazini magharibi ni uwanda wa mawe matupu unaoishia ghafla kwenye majabali. Usiku hauna mti, hauna nyumba, hauna kitu cha kumwambia mtu kwamba bahari imekwisha.

Tarehe 10 Februari 1910 meli ya mvuke ya Kifaransa, Général Chanzy, ilikuwa safarini kutoka Marseille kwenda Algiers. Ilikuwa meli ya barua na abiria, ya kampuni kubwa, yenye mabaharia wazoefu. Tramuntana ilikuwa imeamka. Kwenye dhoruba ile meli ikapoteza njia yake, na usiku huo ikagonga majabali ya kona ile ile, karibu na Punta Nati. Ndani yake mlikuwa na watu zaidi ya 150: askari, watumishi wa serikali, familia, wasanii waliokuwa wakienda kufanya maonyesho Algeria. Alinusurika mmoja. Alikuwa kijana wa idara ya forodha. Mawimbi yalimtupa ukingoni, akaparamia jabali, akafika kwa watu. Wengine wote walibaki.

Hebu liwaze hilo kama mtu unayefanya kazi melini. Upo jikoni, vyungu vimefungwa visiruke, watu wanatapika, wengine wanasali. Huko juu nahodha anatafuta alama moja tu ya kumwambia yuko wapi. Taa ya Cavalleria iko mbali mashariki. Artrutx imefichwa na kisiwa chenyewe, iko upande wa pili. Mbele yake hakuna kitu. Hakukuwa na taa ya kukosea hata kama angetaka kukosea.

Msiba ule uliishtua Ufaransa, na Ufaransa ikaisukuma Uhispania iwashe kona ile. Walianza kwa kutengeneza barabara, kwa sababu kutoka Ciutadella kwenda kule ilikuwa ni mawe tu na kuta za mawe za wafugaji. Mwaka 1913 taa ya Punta Nati ikawashwa. Ukiitazama ni mnara wa kiasi, haujitutumui, na taa yake iko mita 42 juu ya bahari. Karibu nayo upo msalaba wa ukumbusho wa waliokufa. Kote kuzunguka kuna vibanda vya mawe vilivyopangwa bila saruji, vya duara, ngazi juu ya ngazi vikienda vikipungua, vya kuhifadhi kondoo jua na upepo vinapozidi. Mgeni anayefika pale mara ya kwanza huviona hivyo kabla ya kuona bahari.

Halafu wakageukia upande wa mashariki. Mwaka 1922 ikawashwa Favàritx, hiyo taa yako. Mnara wake ni wa zege, urefu wa mita 28, mweupe wenye utepe mweusi unaouzunguka kama kilemba kilichofunguliwa. Ardhi ya pale ni mawe meusi yenye matabaka, yamepasuka kama kurasa, hakuna hata jani. Ukifika mchana na jua limewaka, mnara mweupe juu ya mawe yale unauumiza macho. Rangi hizo si pambo. Mchana taa haifanyi kazi, kwa hiyo mnara wenyewe unakuwa ishara. Illa de l'Aire na Artrutx zimevishwa mikanda myeusi ya mlalo, Favàritx utepe wa kuzunguka, ili nahodha wa mchana naye ajue anatazama rasi ipi.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini saba, jibu langu ni hili: tano zilitokana na karatasi ya wahandisi, mbili zilitokana na watu wa Général Chanzy. Na hizo mbili ndizo unazozipita kila safari.

Watu hupenda kuniuliza mnara upi ni mrefu kuliko yote, kama kwamba urefu ni fahari. Urefu ni suala la ardhi iliyopo chini. Jabali la Cavalleria lenyewe lina mita 80 hivi, kwa hiyo mnara wake ni mfupi, mita 15, na taa inakaa mita 94 juu ya bahari. Illa de l'Aire ni kisiwa bapa kama sinia, kwa hiyo walilazimika kujenga mita 38 ili kuifikisha taa mita 53. Artrutx nayo iko kwenye ardhi ya chini. Mwaka 1969 mnara wake uliongezwa urefu.

Kuna hesabu moja ndogo unayoweza kuifanya hata nyuma ya karatasi ya vipimo vya mikate. Chukua urefu wa taa juu ya bahari kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 2.08. Unapata umbali wa upeo wa macho kwa maili za baharini. Favàritx iko mita 47: inatoka maili 14 na kidogo. Cavalleria iko mita 94, mara mbili ya Favàritx kamili, lakini haipati maili 28. Inapata 20 tu. Kuongeza urefu mara mbili hakuongezi umbali mara mbili, kwa sababu dunia imepinda na inazidi kukunyima kadiri unavyopanda. Halafu ongeza na urefu wa jicho lako. Ukisimama kwenye sitaha iliyo mita 16 juu ya maji, hiyo ni maili 8 nyingine. Ndivyo unavyoweza kuiona taa ambayo mvuvi kwenye mtumbwi hajaiona bado, mradi taa yenyewe iwe na nguvu za kufika huko na hewa iwe safi.

Lakini kupanda juu kuna hatari yake, na mfano mzuri uko jirani, Mallorca. Mbele ya Mallorca kuna kisiwa cha Dragonera, chenye kilele kinachoitwa Na Pòpia. Katikati ya karne ya 19 waliijenga taa juu kabisa, zaidi ya mita 350 kutoka baharini. Kwa hesabu yetu hiyo inapaswa kuonekana maili 39 hivi. Kwenye karatasi hakuna taa bora. Ila mawingu hayasomi karatasi. Kilele kilikuwa kikifunikwa na ukungu mara kwa mara, na usiku ambao nahodha aliihitaji zaidi ndio usiku ambao taa ilikuwa ndani ya wingu, ikiwaka kwa ajili ya walinzi wake peke yao. Mwaka 1910 waliizima, wakawasha mbili za chini, moja kila ncha ya kisiwa. Mabaki ya Na Pòpia bado yapo, na ni kupanda kwa jasho kuyafikia.

Sasa twende ndani ya taa, kwa maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Ukipata likizo pita Palma, mji mkuu wa Mallorca, uende Portopí. Ni mnara wa bandari ambao habari zake zinaanzia karne ya 13, ukahamishiwa kwenye mnara wa sasa mwaka 1617, na bado unawaka. Ndani wameweka vifaa vya zamani vya minara ya visiwa vyote vile. Simama mbele ya lenzi moja kubwa. Utaona duara la kioo katikati, kama jicho la ng'ombe, limezungukwa na pete za kioo moja baada ya nyingine, kila pete imekatwa pembe tofauti kidogo na mwenzake, zote zimeshikwa na fremu za shaba. Kioo chenyewe kina ukijani wa mbali, kama maji ya kisimani. Sogeza uso na utauona ukumbi mzima umepinduka kichwa chini miguu juu ndani yake.

Aliyebuni hilo ni Mfaransa Augustin Fresnel, na lenzi yake ya kwanza mnarani iliwashwa mwaka 1823 huko Cordouan, pwani ya Ufaransa. Taa ya mafuta hutupa mwanga wake kila upande: angani, chini, kwa samaki na kwa nyota. Zile pete huukamata mwanga unaopotea na kuupinda, ukatoka wote umelala sambamba na bahari, kama maji ya bomba la bustani ukiliziba mdomo kwa kidole gumba. Mwale hauzimi kamwe. Lenzi ndiyo inayozunguka, na kila jicho la kioo likipita mbele yako unaona mmuliko. Kwa hiyo lugha ya taa imeandikwa kwenye mpangilio wa vioo: ukitaka mmoja kisha miwili, unapanga jicho moja, nafasi, halafu macho mawili yaliyokaribiana. Lenzi hizo zilikuwa nzito, na baadaye zikawekwa zielee ndani ya beseni la zebaki ili zizunguke kwa wepesi. Kilichozizungusha ni mtambo kama wa saa ya ukutani, wenye uzito wa chuma ulioning'inizwa ndani ya mnara ukishuka polepole. Mlinzi alipanda kuuvuta juu upya kwa mkono, usiku kucha.

Mchana walishusha mapazia kuzunguka vioo. Jua likiingia, lenzi ile ile inayotoa mwanga nje huuleta ndani, ikaukusanya mahali pamoja na kuweza kuwasha moto.

Mafuta yenyewe mwanzoni yalikuwa ya zeituni, haya haya unayokaangia. Baadaye yakaja mafuta ya taa, halafu umeme. Walinzi walikuwa watumishi wa serikali wenye mtihani na kanuni, na mara nyingi walikaa na wake na watoto mnarani. Cavalleria upepo uliwafungia ndani. Illa de l'Aire mashua iliwaletea mahitaji, na bahari ikichafuka hapakuwa na mashua. Jirani zao pale walikuwa mijusi weusi tititi wa aina ambayo haipatikani kokote nje ya kisiwa kile kidogo. Taa zikaanza kujiendesha moja baada ya nyingine, na sheria ya mwaka 1992 ikaifunga kazi ya ulinzi wa taa Uhispania: waliokuwemo waliachwa wamalize, wapya hawakuajiriwa. Leo minara yote saba inasimamiwa na mamlaka ya bandari ya Balears bila mtu kulala ndani. Inaniuma, sitaficha. Mtu aliyekesha na taa aliona pia chombo kilichozidiwa, akapeleka habari.

Kuna neno moja nataka ulichukue. Sisi tunasema mnara, wa msikiti na wa taa, neno lile lile. Limetoka kwenye Kiarabu, manara, mahali pa moto au mwanga, na Waarabu waliliita hivyo hata lile jengo kubwa la Aleksandria lililowaongoza mabaharia kale. Kihispania nacho kimelihifadhi: almenara ni moto wa ishara uliowashwa juu ya minara ya ulinzi. Menorca ilikuwa nchi ya Waislamu mpaka mwaka 1287, na majina yamebaki. Ukisikia Binibeca, Binissafúller, Biniancolla, ile Bini ni bani, wana wa fulani, kama tunavyosikia kwenye koo za Kiarabu. Sasa wenyewe husema far, kutokana na Pharos, jina la kisiwa cha Aleksandria ambako mnara ule ulisimama. Kwa hiyo wao wameshika jina la kisiwa, sisi tumeshika jina la moto.

Nimebakiza swali lako la mwisho. Meli yenu ina GPS, naam, na zaidi ya moja. Lakini vifaa vyote hivyo husikiliza sauti dhaifu mno kutoka angani, na sauti dhaifu huzibwa kwa urahisi. Mashariki ya Mediterania miaka ya karibuni meli nyingi zimejikuta kwenye skrini zikiwa uwanja wa ndege, na huku ziko baharini, kwa sababu ya mitambo ya vita inayoivuruga GPS. Ofisa mwenye akili anapopita Favàritx huichukua taa kwa dira, akauchora mstari kwenye ramani, akaona kama unakubaliana na skrini. Ukikubali, anashusha pumzi. Usipokubali, anamwamsha nahodha. Taa haiungani na skrini kwa waya wowote. Ndiyo maana ushahidi wake una thamani. Na wako wengine: mvuvi wa kijiji cha Fornells, kaskazini mwa Menorca, ambaye betri yake imekufa, familia iliyokodi boti ya tanga kwa wiki moja, na wale wanaovuka kutoka Algeria kwa vyombo vidogo usiku, ambao baadhi yao huishia Balears. Hao mwanga wa rasi ndio ramani yao.

Safari ijayo, kama bahari ni shwari na msimamizi wako atakuruhusu, toka saa moja kabla ya kawaida yako. Simama kulia, mbali na taa za sitaha, ufunike macho kwa viganja dakika chache yazoee giza. Anza na mitatu kisha mmoja, sekunde 20. Ile ni kona ya Général Chanzy. Subiri miwili kwa sekunde 10. Halafu Favàritx, mmoja kisha miwili, na uihesabu mara tatu. Meli ikigeuka kuelekea kusini, Cavalleria itakuwa imejificha nyuma ya nchi, kwa hiyo taa mtakayoiona mbele ikizima mara mbili ni Sant Carles. Ihesabu pia, upate 6. Ile ya Illa de l'Aire itakutaka siku ya mapumziko: toka Maó uende Punta Prima jioni, ukae ufukweni. Giza likiingia utauona mnara wenye mikanda ng'ambo ya mlango mdogo wa maji, mmoja kila sekunde 5.